Mlingoti Uliohamia Samburu: Uchambuzi wa Kisa cha Kutafuta Data za Kiufundi za Vituo vya Redio Mtandaoni

## Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea Nairobi, nami nilikuwamo kama mhandisi wa kujitolea. Nimeondoa majina ya vituo, masafa yao, mtaa na kilima kinachohusika, na nimezungusha baadhi ya vipimo ili mahali pasitambulike. Kituo cha kijamii nakiita Kituo A, na redio kubwa iliyosikika ndani ya masafa yake naiita Redio B. Nimekiandika kwa ajili ya mafundi mitambo, wanafunzi wa uhandisi na kamati za redio za kijamii, kwa sababu sehemu kubwa ya muda na fedha tulizopoteza haikutokana na ukosefu wa data. Data zilikuwapo tele. Tulikosea katika kuzisoma.

## Usuli

Kituo A kinarusha matangazo kutoka paa la jengo la ghorofa nne katika mtaa mmoja wa mashariki mwa jiji. Nguvu yake ni ndogo, kama wati 50 zinazotoka kwenye antena, na eneo lake halizidi kilomita chache. Redio za aina hii zina uzito wake jijini. Koch FM ya Korogocho na Pamoja FM ya Kibera zimetumia masafa yaleyale ya 99.9, kila moja ikihudumia watu wake, na hilo linawezekana kwa kuwa nguvu ni ndogo na mitaa iko mbalimbali. Mtu akitafuta habari za kituo kwa kutumia namba ya masafa peke yake, tayari yuko njia panda.

Malalamiko ya kwanza yalitoka kwa mama mmoja anayeuza mboga ukingoni mwa mtaa. Alimpigia simu mwenyekiti wa kamati asubuhi: «Mwenyekiti, leo tena nimefungua redio nikakuta wageni.» Wageni hao walikuwa Redio B, kampuni ya utangazaji yenye mitambo katika miji kadhaa ya nchi na inayosikika Nairobi kwa masafa mengine kabisa. Kwa wiki mbili simu ziliongezeka. Nyingi zilitoka kwa watu wa ghorofa za juu, ilhali waliokaa chini katika majengo yaleyale walisikia Kituo A bila tatizo. Jambo hilo tuliliandika daftarini, kisha hatukulifikiria tena kwa zaidi ya mwezi mmoja.

Ili kujua kinachotokea tulihitaji majibu manne: Redio B inatumia masafa hayo katika mji gani, mlingoti wake uko wapi hasa, nguvu inayotoka kwenye antena ni kiasi gani, na antena iko juu kiasi gani na inaelekea upande upi. Mwenyekiti aliuliza swali ambalo mtu yeyote angeliuliza: je, mambo haya hayapo mtandaoni?

## Tulichokikuta mtandaoni

Vijana wa kituo walianzia Radio Garden, ule mpira wa dunia wenye nukta za kijani uliozinduliwa Amsterdam mwaka 2016. Ni chombo kizuri cha kusikiliza, lakini nukta huonyesha mji wa kituo, na sauti hupita kwenye intaneti; haina uhusiano wowote na mlingoti. Tulikiacha siku hiyohiyo.

Mmoja wao alitumia siku mbili katika hifadhidata ya tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, na lahajedwali ambazo Ofcom, mdhibiti wa mawasiliano wa Uingereza, huchapisha kuhusu mitambo ya redio nchini humo. Nilipomweleza kwamba hakuna kituo cha Kenya humo alikata tamaa, lakini kazi yake haikupotea. Ukurasa wa FCC wa kituo kimoja cha FM una latitudo na longitudo ya antena, nguvu inayorushwa, urefu wa antena juu ya wastani wa ardhi inayoizunguka, na umbo la mnururisho, yaani jinsi antena inavyogawa nguvu kwa kila upande. Kutokana na hapo tulipata orodha ya maswali ambayo rekodi kamili ya kituo inapaswa kujibu, na orodha hiyo ndiyo iliyotuonyesha baadaye jinsi rekodi zetu zilivyokuwa na mashimo.

Chanzo cha tatu kilikuwa kumbukumbu za ITU, shirika la Umoja wa Mataifa lenye makao Geneva linalosimamia mawasiliano. Huko kuna mpango wa FM wa mwaka 1984, ujulikanao kama GE84, unaohusu masafa ya megahezi 87.5 hadi 108 katika Afrika, Ulaya na sehemu za Asia. Kuna Rejesta Kuu ya Kimataifa ya Masafa. Na kuna waraka unaotolewa kila baada ya wiki mbili wenye taarifa zilizoletwa na serikali. Rekodi hizi ni za kina kuliko nyingine zote. Nguvu huandikwa kwa desibeli, kipimo cha uwiano ambacho kila kikipanda 10 nguvu huwa mara kumi, zikilinganishwa na wati moja, hivi kwamba 30 ni kilowati moja na 37 ni kilowati tano; kuna mwelekeo wa wimbi, wima au mlalo; na kuna urefu wa antena kwa pande 36, kila digrii kumi upande mmoja. Hata hivyo rekodi hubeba jina la mahali, wala si jina la biashara la redio. Tena mpango ni mpango: ndani yake zimo nafasi zilizotengwa zaidi ya miaka arobaini iliyopita kwa vilima ambavyo havijawahi kuwekwa mlingoti.

Chanzo cha nne ni hifadhidata za wapenzi wa redio, watu wanaosikiliza vituo vya mbali na kuandika walichokisikia. Kubwa kuliko zote kwa FM ni FMLIST, yenye asili ya Ujerumani, na dada yake MWLIST kwa masafa ya kati na marefu. Watu hawa wanastahili heshima. Kwa nchi nyingi za Afrika, wao pekee ndio wameunganisha jina la redio, masafa, mji na mahali pa mlingoti katika mstari mmoja unaoweza kutafutwa na mtu yeyote. Hata hivyo mstari huo ni mkusanyiko wa mambo kutoka mikono mingi: masafa yamesikika na msafiri, nguvu imetoka kwenye waraka, mahali pamekadiriwa kwa picha ya setilaiti, na tarehe ya kila kimoja ni tofauti.

Nyumbani, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya huchapisha orodha za wenye leseni, na Gazeti Rasmi la Serikali hutangaza maombi ya leseni. Matoleo yake husomeka mtandaoni. Humo unapata nani ameomba nini na lini. Hupati urefu wa antena.

## Mfuatano wa matukio

Wiki ya kwanza ya utafutaji tulipata hifadhidata tatu zilizokubaliana. Zote zilisema kwamba masafa yetu yanatumiwa na Redio B kwa nguvu ya kilowati tano, na zote ziliweka mlingoti mahali pamoja, hadi tarakimu ya mwisho. Tulipopachika vipimo hivyo kwenye ramani, nukta iliangukia nyika ya Samburu, kama kilomita 330 kaskazini mwa mahali ambapo tungeutarajia.

Tulitazamana. Kisha tukafanya kosa la kwanza: tuliiamini ramani. Kwa umbali huo, mtambo wa kilowati tano usingeweza kusikika Nairobi kila asubuhi, sembuse kuzima kituo kilicho mtaani. Kwa hiyo tukahitimisha kwamba wageni hawatoki nje, bali wanazaliwa kwenye paa letu wenyewe.

Dhana hiyo ilikuwa na mantiki, na ndiyo maana ilitushika. Mawimbi mawili yenye nguvu yakiingia kwenye kipaza nguvu cha mtambo kupitia antena yake yanaweza kuzaa wimbi la tatu: chukua masafa ya kwanza mara mbili, utoe ya pili. Tulichukua masafa ya Redio B ya Nairobi, tukayazidisha kwa mbili, tukatoa ya kituo kingine cha jiji, na jibu likaangukia masafa ya Kituo A barabara. Hesabu ikikubali namna ile ni vigumu mtu kuendelea kuuliza. Kamati iliitisha mchango, shilingi 68,000 zikapatikana, na kichujio cha kuzuia mawimbi ya nje yasiingie kwenye mtambo kikanunuliwa na kufungwa kati ya mtambo na antena. Kesho yake mama wa mboga alipiga simu tena. Wageni walikuwapo.

Fundi wetu ndiye aliyeirudia ramani, wiki ya tano. Alikuwa akisoma rekodi ya zamani ya waraka wa kimataifa ambamo vipimo vya mahali viliandikwa kwa digrii na dakika, na herufi S (South, yaani kusini) katikati ya latitudo. Aliandika kwenye karatasi digrii moja na dakika thelathini, akaweka S, akauliza: «Mhandisi, huyu wa Samburu si ndiye huyu, ila amepoteza kusini?» Alikuwa amelenga penyewe. Nairobi iko digrii moja na zaidi kidogo kusini mwa ikweta. Rekodi ya hapa ikipoteza S, au alama ya kutoa mbele ya namba ya desimali, mlingoti unavuka ikweta na kutua upande wa pili kwa umbali uleule. Mlingoti wa Nairobi yenyewe ungejikuta jirani ya Maralal, mji wa Samburu. Katika nchi iliyo mbali na ikweta kosa hilo lingemtupa mtu bara jingine, na angelishtukia mara moja. Kwetu linamweka ndani ya Kenya, na jibu linafanana na ukweli.

Tuliporudisha S, nukta ilishuka hadi kilima kimoja katika kaunti jirani, kilomita 50 hivi kusini-mashariki mwa mtaa wetu. Furaha yetu haikudumu. Tulichora mstari wa ardhi kati ya kilima na paa letu kwa programu ya Radio Mobile ya Roger Coudé, tukitumia data za mwinuko wa ardhi zilizopimwa na chombo cha anga cha Marekani mnamo Februari 2000, na mchoro ulionyesha kwamba nukta iko ndani ya bonde dogo, nyuma ya bega la kilima. Mtambo uliofichwa hivyo usingeweza kutufikia kwa nguvu tuliyoipima. Kwa mara ya pili ramani ilituambia kwamba jambo linalosikika kila siku haliwezekani.

Safari hii hatukununua kitu. Tuliazima antena ya vipande vitatu inayopokea upande mmoja, na kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, tukazima mtambo wetu kwa dakika chache usiku wa manane kwa ruhusa ya kamati, tukatafuta upande ambao Redio B inasikika kwa nguvu zaidi. Tulifanya hivyo juu ya ghorofa karibu na barabara ya Kangundo, kisha kando ya barabara ya Mombasa, kisha Kitengela, ambako wimbi lilikuja karibu kutoka mashariki kamili. Mistari mitatu haikukutana mahali pamoja, kwani antena ya namna hiyo hukosea digrii kadhaa, lakini ilikatana katika eneo lililobeba kilima kilekile, na hapakuwa na kilima kingine ndani yake.

Baada ya hapo tulitafuta ushahidi usiotokana na ulimwengu wa redio. Mamlaka za usafiri wa anga huchapisha orodha ya vizuizi kwa ndege, yaani milingoti na majengo marefu, pamoja na urefu na mahali pake. Data hizo huandikwa kwa mfumo wa upimaji wa WGS84, ambao Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga liliuweka kuwa wa lazima kuanzia Januari 1998. Mlingoti wa kilima chetu ulikuwamo. Ulikuwa juu ya kilele, karibu mita 300 kusini ya nukta yetu na kidogo mashariki.

Mita 300 kuelekea kusini si kosa la bahati nasibu kwa mtu aliyezoea ramani za Kenya. Ramani za zamani za kipimo cha 1 kwa 50,000 zilichorwa kwa mfumo wa zamani wa upimaji uitwao Arc 1960, na namba zilezile zikisomwa kana kwamba ni za WGS84, mahali panasogea kiasi hicho hasa. Mtu fulani, miaka mingi iliyopita, alisoma vipimo kwenye ramani ya karatasi kwa usahihi kabisa, kisha mwingine akaviingiza kwenye ramani ya kompyuta bila kuuliza ni vya mfumo gani. Katika uwanda wa Embakasi tofauti hiyo isingekuwa na maana yoyote. Juu ya kilima chenye miteremko mikali ndiyo tofauti kati ya kilele na bonde. Tulipochora upya kutoka kileleni, njia ilikuwa wazi hadi kwenye paa letu.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kununua kichujio nimeueleza. Ulifanywa kwa nia njema na kwa haraka, kwa sababu kipindi cha afya ya mama na mtoto kilikuwa kikikatwa kila asubuhi na kamati ilitaka kuonekana inafanya kitu.

Uamuzi wa pili, wa kupima kabla ya kulalamika, ulipingwa. Baadhi ya wanakamati walitaka barua iende kwa Redio B mara tu tulipoirudisha S. Nilikataa kwa sababu tulikuwa na mchoro uliosema haiwezekani, na mhandisi yeyote wa upande wa pili angechora uleule na kuturudisha nyumbani.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kuomba data rasmi kwa maandishi. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaruhusu ombi kuandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili na kutaka uamuzi utolewe ndani ya siku 21. Katibu aliandika barua ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Hatukuuliza «habari zote kuhusu Redio B». Tuliuliza mambo matano kwa masafa mamoja: mahali pa mlingoti palipoidhinishwa, nguvu ya juu inayoruhusiwa kutoka kwenye antena, urefu wa antena, mwelekeo wake, na tarehe ya idhini. Jibu lilikuja ndani ya muda. Naamini lilikuja haraka kwa sababu karani angeweza kujibu ombi letu bila kuitisha kikao.

## Matokeo

Idhini ilikuwa ya kilowati mbili, antena ikiwa chini ya nusu ya mlingoti wa zamani, na nguvu ikizuiwa kuelekea kaskazini-magharibi, yaani kuelekea jiji. Kwa masharti hayo vituo viwili vingeishi pamoja. Ilidhihirika kwamba Redio B ilikuwa imehamisha antena zake hadi mlingoti mrefu zaidi wa jirani wakati wa kugawana miundombinu, na mafundi walipozifunga upya hawakuzingatia upande uliopaswa kupunguziwa nguvu. Hakuna aliyekusudia kutudhuru. Fundi wao mkuu alipoona vipimo vyetu vya sehemu tatu alikubali kupanda kilimani pamoja nasi.

Wakaguzi wa masafa walipima, antena zikageuzwa na kushushwa, na nguvu ya Redio B juu ya paa letu ikapungua kwa desibeli 14. Malalamiko yaliisha karibu mtaa mzima. Katika majengo machache ya ukingoni, ghorofa za juu bado husikia mchanganyiko nyakati fulani, na tumewashauri wakazi wasogeze redio upande wa ukuta wa ndani. Tangu simu ya kwanza hadi siku hiyo zilipita wiki kumi na tisa. Kichujio bado kimefungwa, hakidhuru.

## Uchambuzi

Kosa lililotugharimu zaidi ni kuhesabu makubaliano kama ushahidi. Hifadhidata tatu zilisema Samburu, nasi tukaona mashahidi watatu. Kumbe alikuwa mmoja, na wawili walimnakili. Dalili ilikuwa mbele ya macho yetu: watu watatu wakikadiria mahali pa mlingoti kila mmoja kivyake watatofautiana kwa makumi ya mita, na tarakimu zinazolingana hadi ya mwisho ni alama ya kunakili. Sasa tunapolinganisha rekodi tunatafuta tofauti ndogondogo kwanza, kwa kuwa zinatuonyesha kwamba mikono ni tofauti, ndipo tunaangalia kama kwa ujumla zinakubaliana.

Kosa la pili ni kuacha rekodi itawale masikio. Wakazi walikuwa wametuambia, kwa njia ya ghorofa zao, kila kitu tulichohitaji. Hitilafu inayozaliwa kwenye paa letu isingechagua ghorofa za juu na kuziacha za chini. Wimbi linalotoka kilimani hufanya hivyo hasa, kwa maana aliye juu anakiona kilima na aliye chini amefichwa na majengo. Tena wimbi linalozaliwa kwa kuchanganyika, kwa hesabu ile ya mara mbili kutoa moja, hubeba sauti iliyokwaruzika pamoja na sauti ya kituo cha pili. Wasikilizaji walisema wanasikia Redio B safi. Hatukuwauliza sauti ikoje. Tuliwauliza ni redio gani. Na ile hesabu iliyotuvutia haikuwa na uzito wowote: katika jiji lenye vituo vingi vya FM vilivyopangwa kwa hatua za sehemu ya kumi ya megahezi, karibu masafa yoyote utakayochagua yatapata jozi inayoyaangukia.

Suala la nguvu linahitaji maelezo zaidi kwa sababu linawapotosha hata mafundi wazoefu. «Kilowati tano» katika rekodi zile haikuwa na maelezo. Inaweza kuwa uwezo wa mtambo ulioandikwa kwenye kibati chake. Inaweza kuwa nguvu inayotoka kwenye antena, ambayo huwa kubwa kuliko ya mtambo kwa kuwa antena hukusanya nguvu kuelekea upeo wa macho: mtambo wa kilowati moja, ukipoteza desibeli moja kwenye kebo na kupata sita kwenye antena, hurusha zaidi ya kilowati tatu. Aidha antena yenyewe inaweza kulinganishwa na dipoli, antena sahili ya fimbo mbili, au na antena ya kinadharia inayorusha pande zote sawa, na tofauti ya hizo mbili ni desibeli 2.15. Mtu akikuta namba isiyosema ni ya aina gani, na aiandike hivyohivyo: namba isiyojulikana aina.

Kwa kesi yetu, hata kilowati mbili zisizozuiwa zilitosha kutuumiza. Mapendekezo ya ITU ya kupanga FM yanataka wimbi la kituo cha stereo lizidi jingine la masafa yaleyale kwa desibeli 45 mahali mwingiliano ni wa kudumu. Msikilizaji aliye kilomita mbili kutoka kwetu na 50 kutoka kilimani anatupa faida ya desibeli 28 kwa umbali peke yake. Kilowati mbili dhidi ya wati 50 zinachukua 16 kati ya hizo. Zinabaki 12 badala ya 45 zinazotakiwa, kabla hata ya kuhesabu majengo yanayosimama kati yake na sisi. Tungeifanya hesabu hii wiki ya kwanza tungejua kwamba swali la msingi si nani ana nguvu, bali kilima kinaonekana au hakionekani kutoka mtaani.

Kilichofaa zaidi kilikuwa jedwali tulilolianza kwa kuiga ukurasa wa FCC, kila safu ikiwa na visanduku viwili vya ziada: nani alisema, na lini. Lilipojaa, tuliona wazi kwamba tulikuwa na aina tatu za maneno. Kumbukumbu za kimataifa na leseni zinasema kilichoruhusiwa. Orodha za wapenzi wa redio zinasema kilichosikika, zikichanganya na kilichonakiliwa. Orodha ya vizuizi vya ndege inasema kilichosimama ardhini, wala haijali kinarusha nini. Antena ya Redio B ilijificha katika nafasi iliyo kati ya kauli hizo tatu, na hakuna hifadhidata moja, hata ingekuwa bora kiasi gani, ambayo ingeionyesha peke yake, kwa kuwa kuhamishwa kwake hakukuwa kumeandikwa popote.

Mwezi mmoja baada ya antena kugeuzwa, fundi wetu aliwaandikia wahariri wa hifadhidata tuliyoanzia. Aliwapa latitudo yenye S, mfumo wa upimaji, tarehe, na maelezo ya jinsi tulivyopata kila kipimo, na rekodi ikasahihishwa ndani ya siku chache. Zile nyingine mbili bado zina mlingoti Samburu, amewaandikia pia. Safu ya urefu wa antena aliomba iachwe wazi, kwa sababu tangu iteremshwe hakuna aliyeupima.